Dalmas Amezimwa kwa Amri ya Wechuli

Wechuli hakuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi, na kwa miaka minne aliyokaa Kisumu hakuwa amegombana na yeyote ila kunguru mmoja wa Migosi, mtaa alikopanga, aliyezoea kumwibia sabuni dirishani. Ndiyo maana asubuhi ile ya Alhamisi, wanawake kumi na wawili wenye vitambaa vyeupe kichwani walipopanda ngazi za ofisi yake pale Mamboleo, wakiwa na sufuria ya kupikia watu hamsini, furushi la nguo za watoto na mzee wa mtaa, wakataka waonyeshwe maiti ilipolazwa, hakuna aliyepigwa na butwaa kumshinda yeye.

Tuanze pale mambo yalipoanzia.

Kampuni iliyomwajiri Wechuli iliitwa Nam Data, na ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nam ni ziwa kwa Kijaluo. Kazi yake ilikuwa kuwatunzia watu kompyuta wasizotaka kuzitunza wenyewe. Nyuma ya ofisi, ndani ya chumba chenye baridi ya kumfanya mtu avae sweta mwezi wa pili, palikuwa na masanduku mawili makubwa ya chuma yaliyovuma mchana kutwa. Hizo ndizo seva. Lakini wateja hawakukodi masanduku. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na programu iliyoligawa vipande, na kila kipande kikajiona ni kompyuta kamili iliyo peke yake duniani. Hivyo vipande ndivyo huitwa mashine pepe. Nam Data ilikuwa na kumi na moja. Moja ilitunza orodha ya vitabu vya maktaba, nyingine ratiba za chuo cha ushonaji, na nyingine, iliyokuwa muhimu kuliko zote, ilipokea vipimo vya hewa ya majini kutoka kwa wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Dunga, ikawapigia kelele hewa ilipopungua ili wawashe pampu kabla samaki hawajaelea tumbo juu.

Mwenye kampuni alikuwa Mzee Gordon Okinyi, mwalimu mstaafu wa jiografia, na Mzee Gordon hakupenda namba.

"Hii KSM-VM-07 ni mtu wa wapi?" alimuuliza Wechuli siku moja. "Ikianguka nitamlilia nani? Mpe jina, bwana. Kitu bila jina hakuna mtu anakijali."

Basi zikapewa majina, na majina akayatoa Mzee mwenyewe kutoka ukoo wake. Ile ya samaki ikaitwa Jacinta, jina la dada yake aliyekuwa hodari wa kila kitu. Ya maktaba ikawa Sylvia. Ya ushonaji ikawa Lornah. Nyingine ikawa Obonyo. Na ile kuukuu iliyotunza barua za zamani, iliyochukua robo saa kuwaka, ikaitwa Dalmas, jina la kaka yake mkubwa. Masanduku mawili ya chuma yakaitwa Nyumba ya Kwanza na Nyumba ya Pili.

Kisha Mzee akataka naye awe anapata arifa kwenye simu yake kila mashine inapopatwa na jambo. Wechuli akamwonyesha zilivyo, kwa Kiingereza, zimejaa nukta na mistari. Mzee akazisoma akiwa ameiweka simu mbali kama mtu anayetazama nyoka.

"Niandikie kama mtu anaongea na mtu," akasema. "Kiswahili. Chenye heshima."

Wechuli akakaa mchana mzima akitunga maneno. Alijitahidi sana, maskini. Mashine pepe ikiwa nzima hutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde chache, na mafundi wa dunia nzima huiita ishara hiyo mapigo ya moyo. Hilo hakulibuni yeye. Kwa hiyo mashine ikinyamaza, arifa ikawa: AMEPOTEZA MAPIGO YA MOYO. JARIBIO LA 1 LA KUMWINUA LINAENDELEA. Ikiwaka tena: AMEINUKA. HALI: KIJANI. Na chini ya kila arifa: MHUDUMU: WECHULI, NAM DATA, MAMBOLEO. Akasoma kazi yake, akaridhika. Kisha akaiandika namba ya Mzee Gordon, ila kidole kilimteleza mwishoni. Penye sita mbili akaweka mbili sita.

Wiki tatu zikapita. Mzee Gordon hakupata hata arifa moja, na hilo likamfurahisha kupita kiasi.

"Tangu uniwekee hizo arifa sijasumbuliwa hata siku moja," alimwambia Wechuli akimpigapiga begani. "Kazi safi!"

Wechuli hakushangaa kwamba Mzee hasumbuliwi, kwa sababu hata yeye hakuwa akisumbuliwa. Arifa zilikuwa zikimjia mia nne kwa siku, maana aliuambia mfumo umripotie hata mashine ikikohoa. Siku ya tatu akaizima sauti ya simu. Siku ya nne akaanza kuilaza kifudifudi mezani. Mfumo ulijua kujitibu wenyewe mara nyingi, naye akauacha ujitibu.

Mwenye namba ya mbili sita alikuwa Mama Ajwang wa Nyamasaria. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne kabla hajastaafu, na sasa aliongoza kikundi cha akina mama wa maombi cha kanisa dogo lililokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Mtu wa namna hiyo, ukimwandikia kwamba fulani amepoteza mapigo ya moyo, hafikirii kompyuta. Arifa ya kwanza ilimkuta akichekecha unga. OBONYO AMEPOTEZA MAPIGO YA MOYO. Akaweka chekeche chini, akajaribu kupiga ile namba ikakataa kupigika, akaituma habari kwenye kikundi cha WhatsApp, na wanawake arobaini na tatu wakaanza kumwombea Obonyo kila mmoja pale alipokuwa: mmoja kwenye saluni, mmoja kwenye foleni ya maji, mmoja juu ya bodaboda. Dakika mbili baadaye simu ikalia tena. OBONYO AMEINUKA. HALI: KIJANI.

Walijadili sana hiyo kijani. Wakakubaliana kwamba maana yake ni afya, kama mchicha.

Tangu hapo hawakupumzika. SYLVIA: KUMBUKUMBU IMEJAA ASILIMIA 94. Wakaomba Sylvia ajifunze kusamehe na kusahau, maana kila mmoja alimjua mtu wa hivyo. LORNAH AMENAKILIWA. SASA NI WAWILI. Wakapiga vigelegele, wakaanza kukusanya nguo za mapacha. Lakini aliyewaingia moyoni kuliko wote alikuwa Dalmas. DALMAS AMEHAMISHWA KUTOKA NYUMBA YA KWANZA KWENDA NYUMBA YA PILI BILA KUZIMWA. Kesho yake anarudishwa ya kwanza. Keshokutwa ya pili tena. Juma moja alihamishwa mara tano. Mzee wa watu, wakasema, anatupwa huku na huku kama gunia, hakuna mtoto anayemtaka. Na wakamwona huyu Wechuli, ambaye jina lake liko chini ya kila habari mbaya, kuwa ama ni malaika anayeuguza ukoo mzima peke yake, ama ni mtu wa kutazamwa vizuri.

Jumatano jioni Wechuli akamstaafisha Dalmas. Barua zilikuwa zimehamishiwa kwa Obonyo, Mzee alikuwa ametia sahihi, na hakukuwa na sababu ya kuendelea kuilisha stima mashine ambayo haifanyi chochote. Akabonyeza mara tatu, akaenda zake nyumbani kula.

Nyamasaria simu ikalia. DALMAS AMEZIMWA KWA AMRI YA WECHULI. AMEONDOLEWA KABISA. DISKI ZAKE ZIMEFUTWA.

Neno diski lilileta ubishi. Mama Ajwang akalimaliza. "Ni zile za uti wa mgongo," akasema. "Wamefuta mpaka mifupa."

Ndivyo walivyofika Mamboleo asubuhi. Nusu yao walikuja kuomboleza na nusu walikuja kumkamata mtu, na kwa kuwa hawakukubaliana njiani, walibeba vifaa vya shughuli zote mbili. Mzee wa mtaa, aliyeitwa Mzee Ochieng, alikuwa na daftari. Jentrix, mwanamke mnene mchangamfu aliyesimamia chakula cha kikundi, alikuwa na sufuria, majani ya chai na birika la stima.

"Wewe ndiye Wechuli?" Mama Ajwang aliuliza.

"Ndiyo, mama. Karibuni. Mna shida ya kompyuta?"

"Tunataka kumwona Dalmas."

Wechuli akafikiri ni wateja. "Pole, mama. Dalmas hayupo tena. Nilimwondoa jana."

Chumba kizima kikavuta pumzi kwa pamoja. Mzee Ochieng akafungua daftari.

"Unasema hivyo tu?" Mama Ajwang akauliza polepole. "Bila hata kukaa chini?"

"Alikuwa amezeeka, mama. Alikuwa anachukua nafasi ya wengine. Na stima, nayo tuliona anatumalizia bure."

"Na maiti iko wapi?"

"Maiti?"

"Mwili, kijana! Mwili wa Dalmas!"

"Hana mwili," Wechuli akasema, akiwa na nia njema kabisa. "Hajawahi kuwa nao."

Mwanamke mmoja wa nyuma akaanza kulia. Wechuli akaona kwamba kuna kitu hakiendi sawa, na kama mafundi wengi wanapoona hivyo, akaamua kueleza kitaalamu.

"Nisikilizeni, akina mama. Dalmas si mtu. Ni mashine pepe."

"Ni nini?"

"Pepe."

"Anasema ni pepo," Jentrix akawaeleza waliokuwa kwenye ngazi.

"Si pepo! Pepe! Yaani hana umbo lake. Anakaa ndani ya sanduku, yeye na wenzake."

"Wenzake wangapi?"

"Walikuwa kumi na mmoja, bila kuhesabu nakala. Sasa wamebaki kumi, baada ya kumtoa huyu."

Mama Ajwang akarudi nyuma hatua moja, na kwa mara ya kwanza akamtazama Wechuli kwa heshima kidogo. "Ulimtoa wewe mwenyewe? Peke yako? Kwa maombi gani?"

"Kwa kubonyeza, mama."

Hapo mambo yakaharibika. Wanawake watano wakaanza kukemea, wakielekeza mikono kwenye mlango wa kioo walikosikia mvumo. Wengine wakaingia moja kwa moja kule ndani kwenye baridi kutafuta maiti, maana baridi ile waliifahamu. Mochari zote wanazozijua zina baridi kama ile. Wechuli akakimbia nyuma yao akisema tafadhali msiguse, tafadhali viatu, tafadhali. Mzee Ochieng akaandika kwenye daftari: *Amekiri. Anasema alibonyeza.*

Katikati ya zogo hilo Mzee Gordon akapanda ngazi, akitoka kunywa chai. Hakuelewa kitu. Alichosikia ni wanawake wanaolia, na jina.

"Nani amekufa?"

"Dalmas," akaambiwa. "Jana jioni. Wamemfuta."

"Dalmas!" Mzee Gordon akaachia fimbo ikaanguka. "Yawa! Ndugu yangu! Tulikuwa na yeye Jumapili, alikula samaki wawili!" Akakalia kiti cha wateja, akalia kilio cha kweli, na akina mama waliokuja kuomboleza wakafurahi kupata mfiwa hatimaye. Wakamzunguka, wakampa leso.

Wechuli akapenya, akamwinamia sikioni. "Mzee. Mzee, ni yule wa seva."

Mzee Gordon akanyamaza. "Yule wa barua?"

"Huyo huyo. Ulitia sahihi Jumanne."

Mzee akapangusa uso. Akawatazama wanawake, akatazama leso, akaona aibu kuirudisha mapema. "Hata hivyo," akasema, "alitumikia kampuni vizuri."

Sasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale chini alikuwa mtu wa kusaidia. Aliposikia wanawake wakiulizia mahali alipofia Dalmas wa Mzee Gordon, alipiga simu moja kwa moja nyumbani kwa marehemu kuwapa pole, na aliyepokea simu akawa Dalmas mwenyewe. Kwa hiyo kabla machozi hayajakauka, zikasikika hatua nzito kwenye ngazi, na mzee mrefu mwenye kofia ya kahawia akasimama mlangoni akihema.

"Nani amesema mimi nimekufa?"

"Wewe ni nani, baba?" Mama Ajwang akauliza.

"Dalmas!"

Kelele zilizotoka hapo zilisimamisha bodaboda barabarani. Wawili walikimbilia chini ya meza, wanne walipiga vigelegele, na Mama Ajwang, mkunga wa miaka thelathini na minne, akamshika Dalmas kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo nusu dakika nzima kabla hajatangaza: "Yuko. Yanapiga vizuri. Amefutwa jana na leo anapiga sabini na mbili."

Ilichukua muda mrefu kuyanyoosha. Wechuli akaomba simu ya Mama Ajwang, akazipitia zile habari za wiki tatu, na kila alivyosoma ndivyo masikio yalivyozidi kumwaka moto. Akaiona namba. Akaiona sita, akaiona mbili. Akaeleza tena, safari hii bila neno pepe. Akasema Obonyo ni kompyuta. Sylvia ni vitabu vya maktaba. Lornah ni ratiba za cherehani.

"Na mapacha?" mwenye furushi la nguo akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni nakala, mama. Nilitaka kumjaribu mmoja kabla sijambadilisha mwingine."

Mwanamke akalikumbatia furushi lake.

Aliyekasirika kuliko wote, ajabu, alikuwa Dalmas. Alikuwa amekaa akisikiliza, na polepole ikamwingia kwamba kwa muda wote huo ndugu yake amekuwa na mashine yenye jina lake, na kwamba mashine hiyo ilionekana nzito, imepitwa na wakati, na inachukua robo saa kuamka.

"Kwa nini mimi niwe ya barua kuukuu?" akamuuliza Gordon. "Na Jacinta amepewa nini?"

"Samaki," Mzee Gordon akasema, akitazama kwingine.

"Samaki! Mimi ndiye mkubwa!"

"Jacinta ana kasi, Dalmas. Unajua mwenyewe."

Wakati ndugu wanabishana, simu ya Mama Ajwang ikalia. Akaisoma kwa sauti kwa mazoea. "Sylvia amepoteza mapigo ya moyo." Ikalia tena. "Obonyo amepoteza mapigo ya moyo." Tena. "Jacinta amepoteza mapigo ya moyo. Nyumba ya Pili haijibu." Akainua uso. "Nyumba nzima, yawa! Wameanguka wote!"

"Mama, ni kompyuta tu," Mzee Ochieng akasema, kwa kuwa alishaelewa na alijivunia kuelewa.

Lakini Wechuli alikuwa amebadilika rangi. Akaifunua simu yake iliyolala kifudifudi, akaona ni kweli, akairukia kibodi. Kwa kawaida nyumba moja ikianguka, nyingine huwapokea wakimbizi wake, ikawainua mmoja mmoja.

Simu ya Mama Ajwang ikaendelea kutangaza. Sylvia ameinuka, Nyumba ya Kwanza. Vigelegele. Obonyo ameinuka, Nyumba ya Kwanza. Vigelegele. "Jacinta: jaribio la kwanza limeshindwa. Nafasi haitoshi." Wakainua mikono kuomba. "Jaribio la pili limeshindwa. Nafasi haitoshi."

"Dunga watajua hawapati vipimo?" Mzee Gordon akauliza.

"Hawatajua," Wechuli akasema. "Wataona kimya, watafikiri hewa iko sawa. Jua hili la saa tano, hewa ikipungua..." Akatazama orodha ya waliojaza Nyumba ya Kwanza. "Kuna njia moja. Lazima nimzime pacha mmoja wa Lornah."

Sijui kama kuna mtu amewahi kusema jambo baya kuliko hilo mbele ya mkunga. Walikuwa wameshaambiwa ni nakala. Walikuwa wameelewa ni cherehani. Haikusaidia kitu. Mwenye furushi akatoa yowe, na Mama Ajwang akaweka mkono wake mpana juu ya kibodi.

"Hakuna pacha anazimwa mbele yangu."

"Mama, hana mwili!"

"Ulisema hivyo kwa Dalmas, na tazama!" Dalmas, kwenye kiti, akatikisa kichwa kuthibitisha. "Tafuta njia nyingine. Nyumba ya Pili imeanguka kwa nini?"

Wechuli akaacha kibodi. Hilo ndilo swali alilopaswa kuanza nalo. Betri ya akiba ya Nyumba ya Pili ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu, kwa hiyo kama stima...

"Jaribio la tatu limeshindwa," Mama Ajwang akasoma.

Wechuli akakimbilia chumba cha baridi, na wanawake wote nyuma yake wakiomba kwa sauti ya juu, kila mmoja kwa lugha iliyomjia. Nyumba ya Kwanza ilivuma. Nyumba ya Pili ilikuwa kimya kama kabati. Akapiga magoti, akafuata waya mweusi kwa kidole kutoka nyuma ya sanduku, chini ya meza, hadi ukutani, na hapo mwisho wake ulikuwa umelala sakafuni. Ndani ya soketi palikuwa na waya mwingine, mweupe, uliopanda hadi juu ya sanduku lenyewe la seva, ambako birika la stima lilikuwa limeanza kutoa mvuke.

Jentrix akasimama mlangoni na vikombe. "Si nilisema watu wanywe chai kwanza?" akasema. "Hiyo soketi ingine nyote mlikuwa mmesimama mbele yake."

Wechuli akalishusha birika kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa paka juu ya altare. Akachomoa ule mweupe, akachomeka ule mweusi. Nyumba ya Pili ikakohoa, ikapiga mlio mmoja, ikawasha taa, ikavuma. Wote wakakusanyika kuizunguka simu ya Mama Ajwang. Dakika tatu nzima wakaikodolea macho. Mzee Gordon alikuwa ameshika mkono wa Dalmas.

Simu ikalia.

"Jacinta ameinuka," Mama Ajwang akasoma. "Hali: kijani."

Walicheza. Sina neno lingine. Walicheza wakizunguka seva, vitambaa vyeupe hewani, Dalmas katikati na kofia yake mkononi, Mzee Gordon akipiga makofi, na Mzee Ochieng akafuta neno *amekiri* akaandika *imetatuliwa*. Wechuli akafungua vipimo vya Dunga. Hewa ilikuwa imeshuka kidogo wakati Jacinta amelala. Sasa Jacinta alishawapigia kelele, na pampu zilikuwa zimewashwa. Hakuna samaki aliyeelea.

"Mnaona ilikuwa waya tu," Wechuli akasema chai ilipomiminwa. Aliona ni wajibu wake kusema ukweli.

"Waya, ndiyo," Mama Ajwang akakubali kwa upole. "Na aliyekuonyesha huo waya ni nani?"

Wechuli akanywa chai yake.

Mchana ule aliirekebisha namba, sita mbili, akaomba msamaha mara nane, na akina mama wakarudi Nyamasaria na sufuria yao. Nguo za watoto wakazipeleka kwenye wodi ya kujifungulia. Mambo yangeishia hapo, kama si watu wawili. Wa kwanza ni Mzee Gordon, aliyeanza kupata arifa zake Ijumaa saa mbili asubuhi. Kufikia saa sita mchana alikuwa amepata mia mbili na kumi, hajaweza kumaliza hata gazeti, na akaingia ofisini akiwa ameishika simu kwa ncha ya vidole.

"Ondoa," akasema. "Ondoa namba yangu, bwana. Sylvia peke yake amenipigia mara thelathini. Kwani anakumbuka nini?"

Wa pili ni Mama Ajwang, aliyepiga simu Ijumaa hiyo hiyo jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa heshima. "Tangu jana hatujaambiwa hali ya Obonyo. Kikundi chote kinauliza. Kwani tumewakosea nini?"

Wechuli akakaa na jambo hilo Jumamosi yote, na Jumatatu akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Akaufundisha mfumo kunyamaza. Mashine ikikohoa, isiseme. Ikihama kutoka nyumba hadi nyumba, iende kimya kimya. Arifa zikashuka kutoka mia nne hadi nne au tano kwa siku, zile za moyo kusimama, kumbukumbu kujaa na mtu kuinuka. Na hizo, kwa idhini ya Mzee Gordon na kwa furaha kubwa ya Nyamasaria, zikaenda kwa Mama Ajwang. Kwa maana Wechuli alikuwa amejitambua. Simu ikitetemeka mezani, angeweza kuilaza kifudifudi. Mama Ajwang hangeweza kumlaza kifudifudi.

Jumamosi moja alikuwa kwa kinyozi, Migosi, shuka shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umeshanyolewa na wa kulia bado. Simu ikalia. Kinyozi akazima mashine yake.

"Sylvia," Mama Ajwang akasema bila salamu. "Kumbukumbu asilimia tisini na sita. Uko wapi?"

"Niko kwa kinyozi, mama. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi! Mtoto wa watu amejaa hivyo na wewe unanyoa nywele? Sisi tumeshaanza. Tunakungoja wewe."

Wechuli akajitazama kwenye kioo, kushoto kama yai, kulia kama kichaka. Akavua shuka, akamwambia kinyozi atarudi, akatoka kutafuta bodaboda ya Mamboleo, na watoto wa plotini jirani wakamfuata hadi barabarani wakicheka.